Jinsi ya Kuchagua Riwaya za Upelelezi za Zamani kwa Msomaji Anayetaka Kufumbua Fumbo Mwenyewe

Wako wasomaji wanaofungua riwaya ya upelelezi ili wachukuliwe na hadithi, na wako wanaoifungua ili washindane na aliyeiandika. Mwongozo huu ni wa hao wa pili: msomaji ambaye, akifika sura ya kumi, huanza kurudi nyuma kutafuta ni nani hasa aliyesema kwamba dirisha lilikuwa limefungwa, na ambaye hukasirika, tena kwa haki, mpelelezi anapochomoa mfukoni katika ukurasa wa mwisho barua ambayo hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Msomaji wa namna hii akishauriwa vibaya hupewa vitabu vitatu vinne vya kukimbizana na kupigana risasi, akaviweka chini na kuamua kwamba riwaya za upelelezi hazimfai, kumbe tatizo lilikuwa kwenye uchaguzi. Vitabu vyake vipo, na sehemu kubwa viliandikwa Uingereza na Marekani kati ya 1920 na 1940.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kitabu kinakuonyesha ushahidi

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki: je, kabla jibu halijatolewa, msomaji ameonyeshwa kila kitu ambacho mpelelezi atakitumia kulifikia? Kipimo hiki huwaweka kando hata watu mashuhuri. Edgar Allan Poe, aliyefungua njia mwaka 1841 kwa The Murders in the Rue Morgue, hakujifunga na sharti hilo, wala Arthur Conan Doyle, ambaye Sherlock Holmes wake alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Holmes huinama, huokota kitu kwenye zulia, hukitia ndani ya bahasha, na mara nyingi Watson, rafiki yake anayetusimulia visa, hapati nafasi ya kutuambia kilikuwa nini. Visa hivyo ninavipenda na nitaendelea kuvisoma, lakini ndani yake msomaji ni mtazamaji, si mshindani.

Sharti lenyewe lilikuja kuandikwa waziwazi baadaye. Mwaka 1928 Mmarekani S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za riwaya ya upelelezi, na mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya hizo, akatoa zake 10. Knox alitaka mhalifu atajwe mapema katika hadithi, miujiza na mizimu isiwe jibu, sumu isiyojulikana na sayansi isitumike, mpelelezi asiokolewe na bahati, na mapacha wasizuke bila msomaji kuandaliwa. Mwaka uliofuata waandishi wa Uingereza waliunda Detection Club, rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton, na aliyejiunga aliapa kwamba hatamficha msomaji dokezo muhimu. Agatha Christie, Dorothy L. Sayers na Anthony Berkeley walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Ukishika kitabu cha mwandishi wa kundi hilo, na hasa cha miaka hiyo, una sababu nzuri ya kuamini kwamba utatendewa haki.

Kwa Kiswahili tunaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Bwana Msa, mpelelezi wake, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum pembeni, ni ndugu wa Holmes kwa sura na mwenendo, lakini jambo la kumpendea zaidi ni kwamba pale watu wanapolitazama jambo na kuona mkono wa mizimu, yeye hutafuta mkono wa mwanadamu. Wengi waliofuata walielekea kwingine: Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mashujaa wa ujasusi na mapambano, na anayewasoma akitafuta fumbo la kufumbua atakuwa amewadai kitu ambacho hawakuahidi.

Hatua ya pili: Jua ni swali gani linalokukuna

Hapa ndipo ushauri mwingi unapokosea, kwa sababu mafumbo huhesabiwa kama yote ni ya aina moja. Si hivyo. Mtu anayefurahia kupanga ratiba hatafurahia lazima fumbo la kumsoma binadamu tabia, na mtu aliyezoea kufungua na kufunga redio ili ajue inavyofanya kazi hutaka fumbo la namna uhalifu ulivyotendeka, hata kama mhalifu amekwisha kumtambua. Kabla ya kununua chochote, jiulize ni swali lipi hukunyima usingizi.

Ikiwa ni swali la nani, mwalimu ni Christie. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali, na ujuzi wake wa sumu unaonekana tangu riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles ya 1920. Hata hivyo silaha yake ya kweli ni mazoea ya msomaji. Huandika sentensi ambayo ni kweli neno kwa neno, akijua kwamba utaielewa vingine kwa sababu umezoea kuielewa vingine. Ukimsoma, usiulize tu mtu amesema nini. Uliza ni nini hakukisema, na ni wewe uliyekijaza.

Ikiwa ni swali la vipi, mtafute John Dickson Carr, Mmarekani aliyeishi Uingereza na kulifanya fumbo la chumba kilichofungwa kwa ndani kuwa kazi ya maisha yake. Katika The Hollow Man ya 1935 mtu anauawa ndani ya chumba ambamo muuaji alionekana akiingia na hakuonekana akitoka, na mwingine anauawa katikati ya barabara yenye theluji isiyo na nyayo za mtu mwingine. Katika sura ya 17 Daktari Fell, mpelelezi wa Carr, anasimamisha hadithi na kutoa somo zima juu ya njia zote ambazo chumba kinaweza kuonekana kimefungwa. Somo hilo ni hazina, ila lina hatari moja: linagusa mbinu za riwaya nyingine za aina hiyo. Kwa hiyo kama unataka kusoma The Mystery of the Yellow Room ya Mfaransa Gaston Leroux, isome kwanza. Kwa jina la Carter Dickson, Carr huyohuyo aliandika The Judas Window ya 1938, ambamo mshtakiwa amekutwa ndani ya chumba kilichofungwa pamoja na maiti iliyochomwa mshale, na fumbo linafumbuliwa mahakamani. Kwa anayeanza aina hii, ningempa hiyo kabla ya The Hollow Man, kwa sababu jibu lake ni jepesi kulishika na gumu kuliwazia.

Ikiwa ni swali la lini na wapi, yaani kuvunja alibi ya mtu anayeapa kwamba wakati wa tukio alikuwa mbali, mtu wako ni Freeman Wills Crofts, aliyekuwa mhandisi wa reli Ireland kabla ya kuwa mwandishi. The Cask ya 1920 inaanza na pipa lenye maiti na kuwafuata wapelelezi kati ya London na Paris, risiti kwa risiti. Ni kazi ya polepole, na asiyependa ratiba atachoka. Lakini anayezipenda ataona kwamba kila ukurasa una kitu cha kupimwa.

Aina ya nne ndiyo ninayoiheshimu zaidi: fumbo la hoja inayojengwa juu ya kitu kimoja kidogo. Mabingwa wake ni Ellery Queen, jina walilolitumia binamu wawili wa Brooklyn, Frederic Dannay na Manfred B. Lee. Katika The Dutch Shoe Mystery ya 1931 mwanamke tajiri anauawa hospitalini muda mfupi kabla ya kupasuliwa, na baadaye viatu vyeupe vinapatikana. Kamba ya kiatu kimoja imekatika na imeunganishwa kwa plasta. Kaa na kiatu hicho dakika kumi kabla ya kuendelea. Mtu aliyekatikiwa na kamba, tena akiwa na haraka, angeweza kupiga fundo. Kwa nini huyu fundo halikumtosha? Mwandishi hajakuficha kitu. Kiatu unakiona kama Ellery, mpelelezi wao mwenye jina lilelile, anavyokiona, na kutoka hapo yeye anajenga ngazi ya hoja ambayo kila kipandio chake ungeweza kukikanyaga mwenyewe. Vitabu vyao vya mwanzo, kuanzia The Roman Hat Mystery ya 1929, vina ukurasa maalumu wa changamoto, ambapo hadithi inasimama na msomaji anaambiwa kwamba sasa ana kila kinachohitajika kulijua jibu.

Hatua ya tatu: Anza na kitabu kimoja cha kujipimia

Watu wengi huanza na And Then There Were None ya Christie, ya 1939, kwa kuwa jina lake limeenea. Ni kitabu kikubwa, ila hofu iliyomo inakusukuma mbele kwa kasi ambayo haikuachii nafasi ya kufikiri, na si hapo ambapo mfumbuaji atajipima.

Mimi hupendekeza Five Little Pigs ya Christie huyohuyo, ya 1942, na sijawahi kujuta. Mchoraji alikufa kwa sumu miaka 16 iliyopita, mkewe akahukumiwa, na sasa binti yao anamwomba Hercule Poirot, mpelelezi wa Christie, autafute ukweli. Hakuna nyayo wala alama za vidole tena. Kuna watu watano waliokuwepo siku ile, ambao Poirot anawahoji mmoja mmoja na kisha kuwaomba waandike wanavyokumbuka. Maandishi hayo unayasoma kama yeye anavyoyasoma, nawe unaweza kuyalinganisha mstari kwa mstari: maneno yaleyale yamesikiwa na watu wawili na kila mmoja ameyapa maana yake. Kiingereza chake ni chepesi, washukiwa ni wachache, na jibu likitolewa utaona kwamba lilikuwa mbele ya macho yako muda wote.

Ukikipenda kitabu hicho, nenda Death on the Nile ya 1937 na Peril at End House ya 1932, vyote vya Christie. The Murder of Roger Ackroyd ya 1926 nayo isome mapema, si kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu jibu lake husimuliwa ovyo na watu ambao hawakuulizwa.

Hatua ya nne: Kague kitabu kabla ya kukisoma

Utangulizi wa riwaya ya zamani usiusome kabla ya riwaya. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kununua toleo zuri la riwaya niliyoitafuta kwa muda mrefu, nikaanza, kama nilivyofundishwa shuleni, na utangulizi. Aya ya tatu ilimtaja muuaji kwa jina, ikisifu ustadi wa mwandishi kumficha. Maelezo ya jalada la nyuma nayo yasome mistari miwili tu, kisha geuza. Vitabu vya mitumba vina hatari yake, kwa kuwa msomaji aliyetangulia anaweza kuwa ameandika pembeni kwa penseli. Pitisha kurasa haraka bila kusoma, ukiangalia kingo tu, na ukiona mwandiko uufute au utafute nakala nyingine.

Angalia pia ramani na michoro. Riwaya za zama hizo mara nyingi huwa na mchoro wa nyumba, na wakati mwingine mchoro huo ndio ushahidi. Kwenye nakala za kusomea simuni mchoro unaweza kuonekana mdogo kiasi cha kutosomeka. Ukiona hivyo, uchore upya kwenye karatasi kwa kufuata maelezo ya hadithi. The Mysterious Affair at Styles, ambayo ina michoro ya namna hiyo, inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na inafaa kwa asiyetaka kutumia fedha kabla hajajua anachokipenda.

Mpangilio wa vitabu vya mwandishi mmoja kwa kawaida si muhimu, isipokuwa pale anapofichua siri zake mwenyewe. Katika Dumb Witness ya 1937 Poirot anawataja wahalifu wa vitabu vinne vya awali: Styles, Roger Ackroyd, The Mystery of the Blue Train na Death in the Clouds. Visome vinne hivyo kwanza. Curtain ya 1975, ambayo ni kisa cha mwisho cha Poirot, iache iwe ya mwisho.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ni maarifa ambayo kitabu kinakudai. Cards on the Table ya Christie, ya 1936, ina washukiwa wanne tu, na katika dibaji mwandishi mwenyewe anakuhakikishia hivyo, lakini ushahidi mzito umo katika matokeo ya mchezo wa karata wa bridge. Asiyeujua mchezo huo atafuata hadithi ila hatashindana. The Five Red Herrings ya Sayers, iliyotoka mwaka 1931, ina washukiwa sita wachoraji, treni, baiskeli na tiketi, pamoja na mazungumzo mengi ya lahaja ya Uskoti yanayomchosha hata aliyekulia kwenye Kiingereza. Ina, hata hivyo, kitu cha ajabu karibu na mwanzo: mpelelezi anagundua kwamba kuna kifaa kinachokosekana kati ya vitu vya marehemu, na mwandishi anakiacha bila kukitaja, akisema msomaji mwenye akili atakijua mwenyewe. Na kweli, kila kinachohitajika kukijua kimeorodheshwa hapo.

Hatua ya tano: Soma ukiwa na kalamu

Tenga daftari na ulipe sehemu tatu. Ya kwanza ni ya watu, kila mmoja na anachokipoteza au kukipata marehemu akifa. Ya pili ni ya muda, ambapo kila saa inayotajwa unaiandika pamoja na jina la aliyeitaja, kwa kuwa saa nne iliyoonwa na msimulizi si sawa na saa nne iliyosemwa na mshukiwa. Ya tatu, iliyo bora kuliko zote, ni ya mambo yasiyokaa sawa, hata yaonekane madogo namna gani.

Ili nionyeshe namna dokezo linavyofichwa, nimetunga kipande kifupi. «Mzee alikuwa ameegemea mto, kitabu kimefunguka kifuani pake, taa ya kandoni bado inawaka. Juu ya meza palikuwa na tasbihi, glasi ya maji na saa ya mkononi. Mara ukasikika ukelele kutoka jikoni, na wote wakakimbilia huko.» Sasa chukulia kwamba sura mbili nyuma mjukuu alitumwa sebuleni kumtafutia babu miwani yake, kwa kuwa bila hiyo hawezi kusoma hata kichwa cha habari gazetini. Tazama tena mezani. Miwani haipo, wala haikutajwa usoni pake. Basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mzee hakuwa akisoma. Kitabu kiliwekwa kifuani na mtu aliyetaka ionekane hivyo, na ambaye hakujua habari ya miwani au aliisahau.

Angalia mbinu zilizotumika. Dokezo limegawanywa vipande viwili na kuwekwa mbali kimoja na kingine. Cha pili si kitu kilichopo bali kitu kinachokosekana, na macho yetu hayahesabu visivyopo. Orodha inakupa vitu vitatu vya kawaida ili usikitafute cha nne. Na mara tu baada yake unakuja ukelele, ukakuvuta kabla hujafikiri. Nakuhakikishia kwamba ukianza kuzitilia shaka sentensi zinazotangulia kelele, vilio na milango inayofunguliwa ghafla, utayaona madokezo mengi kuliko ulivyowahi kuyaona.

Hatua ya sita: Simama kabla ya jibu

Katika Ellery Queen mahali pa kusimama umeonyeshwa. Kwingine utapatambua kwa ishara: mpelelezi anaacha kuuliza maswali, anaomba watu wote wakusanyike, au anasema sasa anajua. Funga kitabu hapo. Andika jina la mhalifu, namna alivyotenda, sababu yake, na madokezo matatu yanayokuongoza kwake. Kisha andika kwa nini si mtu mwingine, kwa maana hapo ndipo nadharia nyingi huvunjika. Ukikisia jina bila hoja, hujafumbua; mwenye washukiwa sita anaweza kulipata jina kwa bahati tu.

Baada ya kusoma jibu, rudi kwenye kila dokezo ambalo mpelelezi amelitaja na ulitafute mahali pake. Crofts aliirahisisha kazi hii katika The Hog's Back Mystery ya 1933, kwa kuandika namba ya ukurasa ambapo kila dokezo lilikuwa limetolewa. Ukishindwa kulipata dokezo la msingi popote, mwandishi ndiye aliyeshindwa, na una haki ya kumwacha.

Hatua ya saba: Panda kwa mpangilio

Baada ya vitabu vitano sita vya Christie na viwili vya Queen, soma The Poisoned Chocolates Case ya Anthony Berkeley, ya mwaka 1929. Boksi la chokoleti lenye sumu limemuua mtu ambaye halikukusudiwa, na wanachama sita wa kikundi kimoja wanatoa kila mmoja maelezo yake, yote yakitokana na tukio lilelile. Kila maelezo yanaonekana kamili mpaka mwingine asimame. Nakipa kitabu hiki kwa mtu yeyote aliyeanza kujiamini kupita kiasi, kwa sababu kinamfundisha tofauti kati ya jibu linalotosha na jibu la kweli kuliko maelezo yangu yoyote.

Halafu nenda Japani, ambako fumbo la haki liliendelezwa baada ya Uingereza na Marekani kugeukia mambo mengine. The Honjin Murders ya Seishi Yokomizo, iliyotoka mwaka 1946, ni fumbo la chumba kilichofungwa ndani ya nyumba ya Kijapani. The Decagon House Murders ya Yukito Ayatsuji, ya 1987, inawapeleka kisiwani wanafunzi wanaoitana kwa majina ya waandishi haohao uliokwisha kuwasoma, na ndiyo maana nimeiweka huku mwishoni. The Tokyo Zodiac Murders ya Soji Shimada, iliyotoka mwaka 1981, ni ngumu kuliko zote nilizozitaja: mauaji ya 1936 yamekaa zaidi ya miaka 40 bila kufumbuliwa, maelezo ya mwanzo ni mazito, na kuna vifo vya kutisha ambavyo asiyevumilia aviepuke. Mwandishi anasimama mara mbili kumwambia msomaji kwamba anaweza kulijua jibu. Anapokwambia mara ya kwanza, lifunge daftari lako pamoja na kitabu, ulale, na asubuhi uanze tena na sehemu ile ya tatu ya daftari.